Jamani, Nimeipanda Icon of the Seas!

Hukumu yangu naitanguliza, maana sina ubavu wa kuizuia mpaka mwisho: kama Mungu amekujaalia uwezo na nafasi ya kupanda meli ya kitalii ya Karibiani, panda. Usingoje kustaafu. Usingoje watoto wakue. Usiwasikilize wanaosema hayo ni mambo ya wazee matajiri wanaocheza karata sitahani, kwa sababu katika meli niliyoipanda mimi nimekuta mabibi, maharusi, vijana wa sekondari na watoto wachanga waliobebwa kifuani, na wote, nasema wote, walikuwa wametoa macho wasiamini wanachokiona!

Mimi ni mtoto wa Tanga. Bahari siijui kwa kusimuliwa. Lakini kwetu bahari ni njia na ni kazi: unavuka ufike Pemba, unatega upate kitoweo, ukishashuka habari ya chombo imekwisha. Meli za kitalii tumeziona zikifunga gati Mombasa na Zanzibar, nyeupe, ndefu, zimejaa watu wa mbali, nasi tukazitazama kutoka nchi kavu. Dada yangu anayeishi Maryland ndiye aliyepiga simu. “Mdogo wangu, viza yako ya Marekani bado hai? Basi jiandae, tunakwenda Karibiani na watoto.” Sikuuliza swali la pili.

Meli yenyewe ni Icon of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean. Ilianza safari zake tarehe 27 Januari 2024 kutoka Miami, siku chache baada ya Lionel Messi kuizindua hapo hapo bandarini, na siku hiyo hapakuwa na meli ya abiria kubwa kuliko hiyo duniani. Urefu mita 365. Sitaha 20. Kwa kipimo cha ukubwa wa meli, kile cha ujazo na si cha uzito, ina tani 248,663. Titanic ilikuwa na tani 46,328, hivyo jumlisha Titanic tano na bado hujaifikia! Ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600, na mabaharia na wahudumu 2,350 nje ya hao. Kampuni hiyo hiyo ilipoanza kazi Miami mwaka 1970 na meli yake ya kwanza, Song of Norway, meli nzima haikuzidi tani elfu kumi na nane na ushei. Gari la kutoka hotelini lilipokata kona tukaiona, dada akanishika mkono, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Na sasa sikilizeni hili, maana liliponiingia akilini ilibidi nikae chini. Icon imeundwa Turku, Finland, katika karakana ambayo tangu 2014 imekuwa mikononi mwa ukoo wa Meyer. Ukoo huo huo, kule kwao Papenburg, Ujerumani, ndio uliounda mwaka 1913 meli iliyoitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma, ikaungwa upya na kuteremshwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, baadaye Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Naam, MV Liemba yetu! Ile ya mita 71 na hii ya mita 365 ni kazi ya ukoo mmoja wa waunda meli. Niliwaeleza watoto wa dada habari hiyo tukiwa kwenye foleni, na mkubwa wao akanitazama kwa heshima mpya.

Kuingia ni kwepesi. Pasipoti, picha, simu yenye tiketi, basi. Kabla ya starehe yoyote kuna zoezi la usalama: unatazama video fupi, unakwenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia, unaoneshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, jina lako linawekwa alama. Hakuna anayeruhusiwa kulikwepa, na mimi nilipenda hivyo. Bahari ni bahari hata ukiwa na mabwawa saba ya kuogelea juu yake.

Halafu ikaondoka! Mlango wa kutokea bandari ya Miami, wanaouita Government Cut, ni mwembamba, kwa hiyo meli inapita karibu kabisa na ufukwe wa South Beach, na watu walioko chini wanasimama kukupungia mikono, unaona hata rangi za kanga zao za ufukweni. Honi ikalia nikaisikia kifuani. Muziki, watoto wanaruka, jua linashuka nyuma ya maghorofa, na mji wa Miami unarudi nyuma taratibu huku sakafu niliyosimama haionyeshi dalili yoyote ya kwenda. Nilikuwa nimebeba tangawizi na vidonge vya kigegezi. Vilirudi nyumbani vilivyo. Upana wa meli na mapezi ya chuma yaliyo chini ya maji huzima kuyumba kabla hakujakufikia. Injini sita zinaendeshwa kwa gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika, safi kuliko mafuta mazito kwa moshi na masizi, ingawa wanamazingira wanahoji methani inayovuja bila kuungua, na mimi naona hoja yao ni ya haki na wenye meli wanapaswa kuijibu kwa vitendo.

Sasa niwatembeze. Hapana, siwezi kuwatembeza kote, mimi mwenyewe sikumaliza. Meli imegawanywa mitaa minane: upo wa familia zenye watoto wadogo, upo wa michezo ya kutisha, upo wa watu wazima wanaotaka utulivu, na hivi ndivyo maelfu ya watu wanavyoweza kukaa pamoja bila kukanyagana. Kuna barabara ya ndani yenye maduka na migahawa, ina madirisha marefu yanayotazama bahari. Kuna bustani katikati ya meli, Central Park, iliyo wazi juu, ina miti na maua ya kweli yaliyopandwa kwenye udongo. Nilipapasa majani nihakikishe. Udongo! Baharini! Jioni unakaa kwenye benchi, mtu anapiga gita, upepo wa chumvi unapita juu ya miti.

Watoto, wao walikuwa na habari moja tu, mitelezo ya maji. Iko sita, na mmoja wao unamdondosha mtu wima kutoka mita 14. “Mama mdogo, twende! Mama mdogo, unaogopa?” Nikaenda. Nikaenda tena. Halafu nikapanda Crown's Edge, ambako unafungwa mikanda, unatembea kwenye kijinjia pembeni mwa meli, mita 47 kutoka usawa wa bahari, kisha sakafu inaondoka chini ya miguu yako na unabembea hewani, chini yako hakuna ila buluu tupu. Niliita majina yote ya wazee wangu. Niliposhuka nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na ningepanda tena saa hiyo hiyo kama foleni isingekuwa ndefu.

Lakini ukiniuliza kilichonishinda nguvu kuliko vyote, ni AquaDome. Kule omo, juu kabisa, wamefunika sehemu ya mbele ya meli kwa kuba la vioo na chuma lenye urefu wa mita 25 na uzito wa tani 363. Mchana ni mahali pa kukaa kimya. Unakunywa kahawa yako na bahari yote iko mbele yako, unaiona meli inavyoipasua. Usiku pale pale panageuka kuwa ukumbi. Maporomoko ya maji ya karibu mita 17 yanashuka, bwawa linapanda na kuzama, wapiga mbizi wanajirusha kutoka juu kwenye dari ya vioo, wanajikunja hewani, wanaingia majini bila kurusha tone, taa zinabadilika, ngoma inapiga. Nimezaliwa kati ya watu wanaojirusha baharini kutoka gatini tangu wakiwa na miaka mitano, najua kupiga mbizi kukoje, na nawaambieni nilisimama kwenye kiti. Dada alinivuta gauni nikae. Sikukaa. Siku nyingine tukaona mchezo wa Wizard of Oz jukwaani na bendi ya ala kamili, tena densi ya barafuni, barafu ya kweli kwenye maji ya Karibiani, vyote vizuri, lakini mimi moyo wangu ulibaki kule omo.

Chakula? Asubuhi hadi usiku wa manane. Kuna bufee kubwa, ukumbi mkuu wa chakula ambapo mhudumu anakujua kwa jina siku ya pili, piza wakati wowote, vibanda vya noodles na vya mikate ya Kimeksiko. Mwenye kula halali atoe taarifa mapema, wakati wa kukata tiketi, asisubiri kufika mezani. Pilipili haikunitosha, nasema kweli, mpaka kijana wa Kiindonesia aliyekuwa akituhudumia aliposikia akaniletea kibakuli cha sambali kutoka jikoni kwao. Tangu hapo kilikuwa kinanisubiri mezani kila jioni. Wahudumu hawa wanatoka Ufilipino, India, Indonesia, Jamaika na kwingineko, wanakaa miezi mbali na watoto wao, na tabasamu lao ni nusu ya raha yote ya meli. Waachieni bahashishi nzuri.

Siku za bahari tupu nilikuwa nimeziogopa: utafanya nini siku nzima huoni nchi? Zilinipita zikiniacha nataka zaidi.

Kisha tukaamka Basseterre, St. Kitts, na hapo ndipo safari ilipochukua sura ambayo sikuitarajia hata kidogo. Nikafungua pazia: mlima wa kijani mpaka juu, kilele kimejifunika wingu. Ni Liamuiga, volkano iliyolala, mita 1,156. Tukashuka gatini, tukapanda treni. Reli hii nyembamba ilijengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa kutoka mashambani kote kisiwani mpaka kiwanda cha Basseterre. Sukari ilikuwa uhai wa kisiwa kwa zaidi ya miaka mia tatu, mpaka serikali ilipoifunga rasmi mwaka 2005, na sasa treni ya miwa inabeba watalii katika mabehewa ya ghorofa, unakaa juu wazi, waimbaji wanapita wakiimba kwa sauti tupu bila ala, na watoto wa vijijini wanakimbia kukupungia. Kulia bahari, kushoto miwa iliyojiotea yenyewe kwenye miteremko. Nilikuwa nimejiandaa kuona nchi ngeni. Nikaona minazi, miembe, mikwaju, nyumba za mabati zenye maua mlangoni. Na tumbili! Tumbili kwelikweli, wanaruka ukingoni mwa shamba, uzao wa wale walioletwa na Wazungu kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 17, na wakulima wa huko wanawalalamikia vile vile tunavyowalalamikia sisi.

Ua la taifa lao ni la mkrismasi, ule mti wetu wa maua mekundu! Asili yake ni Madagaska. Kwetu unawaka Desemba, kwao unawaka katikati ya mwaka. Kwa Kiingereza umepewa jina la de Poincy, Mfaransa aliyekuwa gavana wa kisiwa hicho hicho.

Karibu na bandari tukamkuta mama mmoja anauza chakula, nikanunua kila kitu alichokuwa nacho: ng'onda iliyochemshwa na kuungwa nyanya na vitunguu, ndizi zenye pilipili, matonge ya unga yenye nazi, wali uliopikwa na mbaazi, na shelisheli. Shelisheli! Nikamwambia, “Mama, hii kwetu tunakula.” Akanitazama sana. “Kwenu wapi, mwanangu?” Nikamwambia Afrika, pwani ya mashariki. Akaniongezea kipande kingine na akakataa hela yake. Ni nahodha William Bligh aliyeleta miche ya shelisheli Karibiani kutoka Tahiti mwaka 1793, ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Mimi nililila likiwa la moto, na nazi inanuka vidoleni, na sikuona tofauti na la Zanzibar.

Mchana tukachukua teksi mpaka ngome ya Brimstone Hill. Hapa, ndugu msomaji, usije ukapitishwa na uvivu ukabaki ufukweni. Ni ngome ya Waingereza juu ya kilima kirefu, UNESCO imeiweka katika urithi wa dunia tangu 1999, na iliinuliwa katika muda wa karibu miaka mia moja na Waafrika waliokuwa watumwa, mawe meusi ya volkano yakikatwa na kupandishwa kwenye mteremko ule kwa mikono. Mlangoni na ndani wanalieleza hilo waziwazi, hawalifichi, na kwa hilo nawavulia kofia. Dada aliweka kiganja ukutani akakaa hivyo kwa muda mrefu. Juu kabisa unaona visiwa vya jirani vimetawanyika baharini na upepo unakusukuma. Kurudi mjini dereva wetu akatupitisha barabara iliyopewa jina la Kim Collins, mtoto wa kisiwa aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2003, akatusimulia fainali ile ya Paris hatua kwa hatua, mikono yote miwili imeachia usukani. Kisiwa kidogo hivi! Fahari hiyo iliniambukiza.

St. Thomas, kisiwa kilichofuata, ni nzuri pia, bandari ya Charlotte Amalie imekumbatiwa na vilima na nyumba zenye mapaa mekundu, ndipo alipozaliwa mchoraji Camille Pissarro mwaka 1830. Ilikuwa ya Denmark mpaka 1917, Marekani ilipoinunua pamoja na visiwa wenzake kwa dola milioni 25 za dhahabu. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, lakini magari ni ya Kimarekani, usukani kushoto! Msipoteze muda kwenye maduka ya vito. Nendeni moja kwa moja Magens Bay mkaogelee.

Kituo cha mwisho ni CocoCay, Bahamas, kisiwa kidogo kinachoendeshwa na kampuni ya meli yenyewe. Kijiografia mko tena Bahari ya Atlantiki, ila rangi ya maji haijali ramani. Kilifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kutumiwa dola milioni 250, na zinaonekana: mtelezo wa maji wa mita 41, puto la heliamu linalokupandisha mita 137 uone meli yako ikiwa ndogo, bwawa kubwa la maji baridi, chakula cha mchana kisicholipiwa. Watoto wangekaa hapo mpaka harusi zao. Mimi nilichukua kiti, nikazamisha miguu katika mchanga mweupe, na nikafanya kile ambacho mwanamke wa Pwani hapati nafasi ya kukifanya baharini, yaani sikufanya kitu.

Mwenye nia, haya ndiyo ya kushika. Safari hii ya usiku saba inaanzia na kuishia Miami, hivyo unahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja. Anza nayo kabla ya kulipa chochote. Msimu wa vimbunga ni Juni mosi hadi Novemba 30, nauli hushuka, lakini njia inaweza kubadilishwa. Fika Miami siku moja kabla. Nauli inabeba chumba, chakula cha kawaida, maonesho na michezo mingi. Soda, vinywaji vingine, intaneti na migahawa maalumu ni malipo ya pembeni, na bahashishi huongezwa kila siku kwa kila kichwa, basi piga hesabu hizo mapema. Pesa taslimu hazitumiki melini, kadi ya chumba ndiyo pochi yako. Chumba? Wengine watakushauri kile kisicho na dirisha kwa kuwa ni rahisi. Kama unaweza kujibana mahali pengine, chukua chenye kibaraza kinachotazama bahari. Kile kinachotazama bustani kinapendeza, lakini hukusafiri umbali huo wote uamke unatazama miti.

Dada ameshaanza kuangalia tarehe za mwakani. Yeye anataka njia ya magharibi, ya Cozumel na Roatán, anasema tusirudie mahali palepale wakati dunia ni kubwa. Mimi nataka Basseterre tena. Tunabishana kwenye simu kila jioni, na watoto wamekuwa upande wangu kwa sababu ya tumbili.